Usikodishe Mikarafuu kwa Ajili ya Sindano

Mazungumzo na wazazi na walezi, Chake Chake, Pemba, Jumamosi baada ya Laasiri. Yameandikwa kama yalivyosemwa, kwa waliokuwa safarini, waliokuwa wagonjwa, na wale walioona haya kuja.

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kama mnaosubiri gari, ingieni. Viti vipo. Hakuna atakayeuliza nani kaja kwa ajili ya nani.

Mwezi uliopita alinipigia simu mama mmoja. Yumo humu ndani, na kaniruhusu niyaseme haya mradi nisimtaje. Mwanawe yuko Unguja mjini, anakula unga, yaani heroini, huu mwaka wa sita. Mama huyu ana jamaa yake Muscat, na jamaa kamwambia kwamba huko nje kuna sindano, mtu akidungwa mara moja tu basi mwezi mzima unga haumfanyi kitu, hata akila kete kumi. Mama akanambia, "Dada, nina mikarafuu minane ya marehemu baba. Msimu huu nataka niikodishe yote, pesa nimpelekee jamaa anitafutie hiyo sindano. Wewe umekaa hospitali miaka thelathini. Nikodishe au nisikodishe?"

Nikamwambia nipe siku mbili. Siku mbili zikawa wiki, na wiki ikazaa mkutano huu, kwa sababu kila niliyemuuliza kama keshasikia habari za sindano hiyo aliniambia kasikia, na kila mmoja kasikia yake. Mmoja kasikia inaponya. Mwengine kasikia inaua. Wa tatu, mzee mwenye heshima zake, kasikia ni hila ya kuwafanya vijana wetu wasizae. Hilo la kuzaa nalitupa hapa hapa, sitalirudia.

Lakini jamani, mimi nikawa na swali moja tu kwa wote watatu. Sindano gani?

Maana ziko mbili, ya buprenofini na ya naltreksoni. Mbili ambazo kwa jina la mtaani zote ni "sindano ya mwezi", na ndani ya mwili zinafanya kazi zinazopingana. Ukimpeleka mwanao kwenye moja ukidhani unampeleka kwenye nyengine, unaweza kumpoteza. Ndio maana nimewaita.

Kwanza nikuulizeni: sindano inayokaa muda mrefu mwilini ni kitu kigeni kwetu? Mama zangu, wangapi humu wamewahi kwenda kudungwa ya miezi mitatu, ya uzazi? Msinyanyue mikono, waume zenu wapo. Na wenye ndugu waliougua akili, hamjui sindano ya kila mwezi? Mnaijua. Mnajua kwamba mgonjwa aliyekuwa akitema vidonge chini ya mto alitulia alipoanza sindano. Sayansi ni ile ile. Dawa inawekwa mwilini kama akiba, na mwili unajichotea kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye unga wenyewe. Mnajua baraza. Kila nyumba ya kizamani ina baraza yake ya mawe nje, na kila baraza ina watu wake. Kwenye ubongo wa binadamu Mwenyezi Mungu kaweka baraza. Mwili unatengeneza dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu na kuleta raha ndogo ndogo, na dawa hiyo inakuja kukaa kwenye baraza zile. Unga ukiingia unakuja na ngoma na tarumbeta. Unakaa baraza zote. Mwili ukishaizoea ngoma unaacha kutengeneza cha kwake, na ngoma ikiondoka baraza zinabaki tupu. Huko kubaki tupu ndiko vijana wanakokuita arosto: mifupa inauma kama inasagwa, kamasi, machozi, kuhara, kutapika, usingizi hakuna. Mkimwona mtoto ameiba redio ya bibi yake, msidhani anatafuta starehe. Starehe iliisha miaka mingi. Anaikimbia arosto.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, hii ya majimaji wanayokwenda kunywa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, tangu mwaka 2015, ni mgeni mtulivu. Inakaa kwenye baraza, inajaza nafasi, haina ngoma. Lakini baada ya siku moja inaanza kuaga, kwa hiyo kesho lazima inyweke nyengine. Mbele ya muuguzi. Kila siku.

Buprenofini ni mgeni wa aina yake. Anakaa nusu kiti, lakini anang'ang'ania kiti chenyewe kama kupe. Unga ukija unakuta pamekaliwa, na haumtoi. Kwa kuwa anakaa nusu, hata dozi ikipanda, pumzi haishuki kama inavyoshushwa na unga, na hapo ndipo ulipo usalama wake. Msije mkauchukua usalama huo mkamchanganyia pombe na vidonge vya usingizi. Hapo hapana usalama.

Naltreksoni si mgeni kabisa. Ni yule jirani anayemwaga maji machafu barazani ili asikae mtu. Hakai yeye na hakai mwengine. Haitulizi arosto, haitoi raha, haiondoi hamu kwa namna ya hawa wawili. Kazi yake ni kuzuia.

Hawa wawili wa mwisho ndio waliotiwa kwenye sindano za muda mrefu. Ya buprenofini Marekani waliiruhusu Novemba 2017, jina lake Sublocade. Ulaya wakaruhusu ya kwao mwaka uliofuata, Buvidal, na mwaka 2023 Marekani wakaongeza Brixadi, ambayo ina ya wiki na ya mwezi. Ya naltreksoni inaitwa Vivitrol, na kwa wala unga Marekani waliiruhusu mwaka 2010.

Ile Sublocade inaingia chini ya ngozi, kwa kawaida ya tumbo, ikiwa majimaji, miligramu 300 miezi miwili ya mwanzo na kwa kawaida 100 kila mwezi baada ya hapo. Ikikutana na unyevu wa mwili inaganda. Mgonjwa akipapasa anaigusa kwa kidole, kama kokwa ya ubuyu chini ya ngozi, na kokwa ile inayeyuka polepole mwezi mzima. Vivitrol inaingia kwenye nyama ya tako, miligramu 380, kila baada ya wiki nne.

Nikiwaeleza wazazi haya, mara tisa katika kumi wanachagua ipi? Wanachagua naltreksoni. Jamaa wa Muscat naye, kwa maelezo yake ya kete kumi, nadhani alikuwa anaisema hiyo hiyo. Wanasema hiyo nyengine si bado ni dawa ya jamii ya unga? Si mnamtoa kwenye tope mnamtia kwenye matope? Sisi tunataka awe msafi. Tunataka unga ufungiwe mlango.

Naielewa kauli hiyo kuliko mnavyodhani. Niliwahi kuisema mimi, na nilikuwa tayari muuguzi mwenye cheti.

Mdogo wangu, tumbo moja, aliingia kwenye unga Unguja. Tukakaa kikao cha ukoo. Tukamleta huku Pemba, shamba, kwenye nyumba ya babu yenye chumba kimoja cha mawe. Kufuli tulinunua sisi. Hatukumpiga, nawaapia, tulimlisha vizuri, mjomba alimsomea kila usiku. Siku kumi za mwanzo alilia mpaka majirani wakaja kuuliza. Siku ya ishirini akaanza kula. Siku ya arubaini akatoka amenenepa, uso unang'aa, kila mtu anamshika mkono. Tukasoma maulidi. Mama yetu alichinja mbuzi aliyekuwa kamweka kwa ajili ya harusi. Wiki iliyofuata akapanda boti kurudi Unguja kutafuta kazi, na siku ya tatu tukapigiwa simu.

Watu wakasema alikula mwingi kwa uroho. Hapana. Niliuliza, nikauliza tena, nikamtafuta aliyekuwa naye. Hakula mwingi. Alikula kiasi kile kile alichokuwa akikila kabla hatujamfungia. Kile kile! Ila mwili ulikuwa umesahau. Siku arubaini za kufuli zilimfanya mgeni kwenye unga, na mgeni hawezi kubeba mzigo wa mwenyeji. Pumzi ikashuka, ikashuka, ikakatika.

Sasa nitazameni. Naltreksoni ni kufuli lile lile, ila limeingia ndani ya nyama. Likiwa limefungwa ni zuri. Swali langu ni la siku linapofunguka. Mwezi umekwisha, boti haikusafiri, pesa haikupatikana, kijana kakasirika hakwenda. Baraza ziko wazi, na mwili umesahau. Ngoma ya kwanza inayoingia inaweza kuwa ya mwisho.

Tena kuna la mlangoni. Ili mtu adungwe naltreksoni sharti awe hajagusa unga siku saba mpaka kumi. Kwa nini? Kwa sababu akidungwa na unga umo mwilini, jirani yule anawatoa wageni wote barazani kwa mkupuo, na arosto inamjia yote kwa wakati mmoja. Nani kati ya watoto wetu anakaa siku kumi bila kitu? Marekani walilipima hili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watu 570 waligawanywa makundi mawili, moja la sindano ya naltreksoni, jengine la buprenofini ya kila siku ya kuweka mdomoni. Kwenye kundi la naltreksoni walikuwamo 283, na walioweza hata kuanza ni 204. Sabini na tisa waliangukia kizingitini! Kwenye buprenofini walikuwa 287 na wakaanza 270. Haki isemwe, wale waliofanikiwa kuanza, makundi yote mawili yaliendelea karibu sawa. Basi naltreksoni ni dawa, siidharau. Aliyekwisha kuwa safi muda mrefu, mwenye kazi, mwenye watu wanaomfuatilia, na mwenyewe anaitaka, inamfaa. Anayeitaka ni mama yake? Hapo nasita.

Jambo jengine dogo kabla sijaliacha kufuli. Utafiti uliotumika kuipitisha Vivitrol kwa wala unga ulifanywa Urusi, kwa watu 250, nusu wakipewa dawa na nusu sindano isiyo na kitu. Urusi ni nchi ambayo sheria yake hairuhusu kumtibu mraibu kwa methadoni wala buprenofini. Ukishindana na sindano tupu, kushinda si kazi kubwa. Huo ni mtazamo wangu wa kizee, mnaweza kuukataa.

Na bodaboda. Mwenye naltreksoni mwilini akianguka na bodaboda akavunjika paja, dawa kali za maumivu za hospitali hazimshiki ipasavyo, maana baraza zimemwagiwa maji. Lazima awe na kadi mfukoni inayomwambia daktari. Tuendelee.

Nakuja kwenye kamba.

Alikuwepo kijana wa Kojani. Mnawajua Wakojani, bahari ni yao. Kaskazi ikianza kuvuma wanapakia vyombo, wanakwenda dago, Tanga, Mombasa, wanapiga kambi wiki na miezi. Kijana huyu aliingia kwenye unga huko huko kambini. Mwaka ule wa pili tangu methadoni ianze, alihamia Unguja kuifuata. Na ikamfaa! Mtu aliyekuwa akijidunga mara nne kwa siku aliacha bomba la sindano. Akapimwa damu, akaanza kula vizuri, akaanza kuswali.

Msilichukulie jambo la bomba kuwa dogo. Mwaka 2007 wataalamu walipowapima Unguja watu wanaojidunga, walikuta watu 16 katika kila 100 wana virusi vya UKIMWI. Mwaka 2012 wakarudia, ikawa kama 11. Kwa watu wazima wa kawaida wa visiwa hivi haifiki hata mtu mmoja katika mia. Bomba lilikuwa linapita mkono kwa mkono, na wengine walifika kuchangiana damu ndani ya bomba. Kila anayeacha bomba anaokoa zaidi ya nafsi yake, na mke aliyeko nyumbani hajui kitu anaokoka naye.

Basi kijana wangu wa Kojani akatulia. Nikamkuta siku moja, miaka miwili baadaye, amekaa Mwanakwerekwe chini ya kibanda, kavu, anatazama gari. Nikamwambia baba, mbona huendi kazini? Akanijibu, "Bibi, kazi yangu ni bahari. Naweza kuvua hapa karibu nikarudi alfajiri, lakini dago siwezi. Wenzangu wamekwenda, mimi kesho saa mbili asubuhi lazima niwe dirishani. Unga ulinifunga kwa kamba fupi. Methadoni imenifunga kwa kamba ndefu, nashukuru. Lakini kamba ni kamba."

Nilikosa la kumjibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria, "Njoo kila siku, njoo kila siku," na nilikuwa na haki, kwa sababu kila siku ndiko kunakomweka mtu hai. Lakini kila siku maana yake nini kwa mvuvi wa dago? Kwa mchumaji wa karafuu anayelala kambini? Kwa utingo wa jahazi? Riziki za visiwa hivi zinafuata upepo na msimu. Dawa ya saa mbili asubuhi inafuata saa.

Hapo ndipo sindano ya buprenofini inapogusa maisha yetu khasa. Mtu anadungwa mwanzo wa mwezi, anapanda chombo, anakwenda, anavua, anarudi, anadungwa tena. Hakuna anayemwona kila asubuhi kwenye foleni. Kwa mwanamke hilo ni kubwa zaidi, maana nyinyi mnajua mwanamke anayekula unga tunamtazamaje hapa, na mnajua ni wangapi hawathubutu kusimama kwenye foleni ile mchana kweupe. Hakuna chupa ya kuibiwa, hakuna kidonge cha kuuza mtaani. Na akipitisha siku tano sita baada ya mwezi, kokwa bado ipo, haishii kwa mpigo kama taa iliyozimwa. Australia wanaitumia mpaka magerezani, ili mfungwa akitoka awe katoka na ulinzi mwilini. Wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani ndizo zinazoua, kwa sababu ile ile iliyomuua mdogo wangu.

Kuianza kuna utaratibu wake. Mtu anaanza kwanza na buprenofini ya kuyeyusha chini ya ulimi, na anaanza akiwa tayari arosto imeshapiga hodi. Akianza unga ungali juu, mgeni yule mng'ang'anizi anausukuma nje wote na mgonjwa anakuja kukutukaneni kwamba mmempa sumu. Anayetoka kwenye methadoni ni mgumu zaidi kumhamisha, dozi inashushwa taratibu kwanza. Hii ni kazi ya daktari. Wala si kazi ya shangazi anayejua kudunga.

Ramadhani. Wazee wangu, huu ndio mwezi ninaouogopa.

Kila mwaka yuko mama anayemwambia mwanawe, "Mwezi mtukufu umeingia, acha na hiyo methadoni, funga, Mungu atakusaidia." Nia njema kabisa. Siku ya kwanza anafunga. Ya pili anafunga. Ya tatu anatetemeka wakati wa kufuturu, ya nne yuko maskani, kijiweni kwa wala unga. Na akirudi kliniki baada ya siku hizo hapewi dozi yake ya zamani pale pale, lazima apimwe upya na ikibidi aanzie chini, maana mwili unasahau haraka. Nimemwona kijana aliyekuwa na miaka mitatu ya utulivu, Idi ikamkuta kwenye vichochoro vya Darajani.

Sasa, methadoni inanywewa. Ukiinywa mchana umefungua, hilo halina mjadala. Mgonjwa ana rukhsa yake katika Qur'ani, na namna ya kuitumia rukhsa hiyo nendeni mkamuulize maalim wenu, lakini nendeni pamoja na maneno ya kliniki, msiende na nusu ya habari. Mimi si mwanachuoni. Ninachokijua ni kwamba Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah mwaka 1997, kikao cha kumi, likaorodhesha matibabu yasiyofunguza. Sindano ya chini ya ngozi imo. Ya kwenye nyama imo. Ya kwenye mshipa imo, ila zile za lishe. Hata kidonge cha chini ya ulimi cha maumivu ya kifua kimo, mradi mtu asimeze kinachoyeyuka. Basi mwenye sindano ya mwezi anadungwa hata Shaabani mwishoni, anafunga mwezi wake kama mwenzake. Nikilifikiria hili naona waliotengeneza dawa ile, Marekani na Sweden, walikuwa wakifikiria mengine kabisa, na wametutatulia letu bila kujua.

Je, nimekuwa mchuuzi wa sindano? Hapana, ngojeni.

Siku moja, kabla sijastaafu, nilimuuliza mgonjwa wa methadoni kama angependa dawa ya mwezi. Nilijua atasema ndiyo. Akafikiri, akasema, "Mama, hapa dirishani ndipo pekee ninapoulizwa nimeamkaje." Watu walicheka nilipowasimulia kazini. Mimi sikucheka. Mtu aliyefukuzwa na baba, aliyekatazwa na shemeji kuingia ndani, dirisha la methadoni ndilo ukoo wake. Pale pale anapewa vidonge vya kifua kikuu, pale pale anakumbushwa dawa za virusi. Ukimpa mwezi mzima bila kufika, na nyumbani hakuna anayemsalimia, umempa uhuru wa kukaa peke yake siku thelathini. Nani atamuuliza kaamkaje? Nyinyi? Jana mlimuuliza?

Sasa bei na begi, halafu nimalize.

Sublocade ilipoingia sokoni Marekani, sindano moja ya mwezi ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Moja! Zidisheni kwa kumi na mbili, halafu mnambie mikarafuu mingapi. Na mikarafuu mkishaikodisha msimu huu, sindano ya msimu ujao itatoka wapi? Dawa hii haina maana ya mara moja. Mara moja ni kufuli lililofunguka.

Jamaa wa Muscat ataileta vipi? Kwenye begi? Buprenofini iko chini ya udhibiti wa kimataifa. Anayeipitisha uwanja wa ndege bila karatasi zake anapitisha dawa ya kulevya mbele ya sheria, na mtakuwa mmetoa mtoto mmoja kwenye unga mkaingiza ndugu mmoja Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani. Tena Sublocade na Vivitrol zinataka friji. Umeme wetu mnaujua. Na la kuogofya kuliko yote: ile inayoganda chini ya ngozi, ikiingizwa kwenye mshipa itaganda humo humo, na kipande kile kinaweza kwenda kuziba mapafu. Ndiyo maana Marekani haiuzwi kwa mgonjwa mkononi, inakwenda moja kwa moja kwa mtoa tiba. Sasa mimi nimpe nani sirinji hiyo? Nyumba yenye kijana anayejua kutafuta mshipa gizani?

Kwa hiyo yule mama nilimwambia: usikodishe. Mwanao yuko Unguja, methadoni ipo Unguja, wala haihitaji hata karafuu moja. Dawa hiyo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005, pamoja na buprenofini, na hiyo orodha ndiyo ya kuishika mkononi mkienda kwa wawakilishi wenu kudai sindano ifike kwetu kwa njia ya halali, kwa friji, kwa daktari. Daini hivyo. Msidai kwa begi.

Akaniuliza, "Basi hata mmoja nisikodishe?" Nikamwambia kodisha mmoja, mpangie chumba karibu na kliniki, maana analala maskani na maskani ndiko unga ulipo. Akakodisha miwili, mnawajua mama.

Juzi kanipigia. Mtoto kapata chumba, kanywa dawa siku ya kumi na moja, kapiga simu mwenyewe bila kuomba pesa. Halafu akaniuliza jambo. Mikarafuu sita iliyobaki inakaribia kuchumwa, wachumaji hawatoshi, na huyu mtoto alikuwa akipanda mkarafuu kama tumbili tangu ana miaka tisa. Anataka kuja kuchuma. Wiki tatu tu. Mama anauliza, "Dada, aje?"

Faili lake liko Unguja, dirisha lake liko Unguja, na kesho saa mbili asubuhi kikombe chake kinamsubiri pale. Nimemwambia asije. Aligutuka, akanyamaza, kisha akasema sawa, nitatafuta watu.

Kaka uliyenyoosha mkono pale nyuma tangu nilipotaja bei, nimekuona. Haya, simama uulize.